Makala ya Utafiti na Haki ya Msomaji

Makala ya utafiti hayaandikwi ili yasifiwe. Huandikwa ili yajaribiwe. Mwandishi humpa msomaji asiyemjua uwezo wa kuirudia kazi yake, na kwa hiyo kuithibitisha au kuikanusha. Yafaa tulitazame jambo hili kwa kufuata makala mafupi yaliyopigwa chapa mwaka 1969 katika jarida la Kiingereza liitwalo Physics Education. Waliyoyaandika ni Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, na Dr. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam.

Asili ya kazi hiyo ni askirimu. Mwaka 1963, Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari, alitia maziwa yenye sukari katika friji yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe, yaliyotiwa baridi, yalikuwa bado. Alipouliza sababu alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Osborne swali lile lile. Osborne hakulikubali wala hakulikataa, bali aliagiza lijaribiwe.

Katika makala yao mna mafunzo matatu. Kwanza, kila mtu alipewa haki yake: Mpemba alisimulia kwa kauli yake mwenyewe aliyoyaona, naye Osborne akaeleza vipimo. Pili, njia ya kazi ilitajwa kinaganaga: maji sentimita 70 za ujazo, katika vyombo vya kioo vya sentimita 100. Maji yaliyoanza na joto la digrii 25 ndiyo yaliyokawia zaidi kuanza kuganda. Yaliyoanza na digrii 90 hivi yaliwahi sana. Tatu, dai halikuzidi ushahidi. Waandishi walionyesha kwamba kupungua kwa maji kwa mvuke hakutoshi kuwa sababu, lakini hawakujidai kulimaliza jambo. Hata kichwa cha makala kilikuwa neno moja lenye alama ya kuuliza.

Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden waliyapima upya mambo hayo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi. Walionyesha pia kwamba kuhitilafiana kwa mahali pa kipimajoto, hata kwa sentimita moja, kwaweza kumpotosha mtazamaji. Je, makala ya 1969 yamekuwa bure? La, hasha. Yaliweza kupingwa kwa sababu yaliandikwa wazi. Na mengine yasiyotaja vipimo hayapingiki wala hayasaidii.

Mtaalamu wa lugha naye yampasa kufuata sharti hilo. Akiandika kwamba neno fulani latumika Pemba, hana budi kutaja alilisikia kijiji gani, mwaka gani, na msemaji wake alikuwa mtu wa umri gani. Mhariri akisha kuyapokea makala huwapelekea wajuzi wa fani hiyo wayapime. Hoja zao zijibiwe moja moja: penye haki mwandishi asahihishe, na asipokubali atoe ushahidi, si hasira. Mjuzi aulizaye mapema amemwondolea mwandishi aibu ya kuulizwa na wasomaji wote baada ya chapa kukauka.