Nyumba Iangalie Saa Tisa Alasiri

Wateja wengi wanaonifuata kutafuta nyumba Dar es Salaam huanza na vigae, jipsamu na pa kuegesha gari. Anayetaka nyumba "ya kijani" huongeza sola juu ya paa na maua barazani. Sola sina ugomvi nayo, hela ikipatikana hufungwa hata mwakani. Dalali anayeingia nyumba za watu kila siku hutazama kwanza kile kisichonunulika baadaye: nyumba imekaaje kwenye kiwanja.

Ndiyo maana mteja anayenisikiliza nampeleka kuona nyumba saa tisa alasiri. Asubuhi kila nyumba ina ubaridi wake. Mchana ukishasogea, namwambia aingie chumba cha upande wa magharibi, aweke kiganja ukutani, kwa ndani. Ukuta ukiwa wa moto, utaendelea kutoa joto hilo usiku watu wakiwa wamelala, na feni itabaki kuzungusha hewa ile ile. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi na hupiga paa zaidi kuliko kuta. Kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi, jua linapokuwa chini. Nyumba iliyolaza ubavu wake mrefu kaskazini na kusini imeshapunguza nusu ya tatizo kabla hujanunua kitu chochote. Mwarobaini uliopandwa upande wa machweo, mbali kidogo na msingi, humalizia sehemu kubwa ya kilichobaki. Inanisikitisha kuona watu wakiukata kwa sababu eti majani yake yanachafua uwanja, halafu wiki inayofuata fundi wa kiyoyozi anapanda ngazi.

Baada ya jua, upepo. Joto kali la Dar huangukia miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo ukitoka kaskazini-mashariki, na alasiri huongezeka upepo wa baharini. Katikati ya mwaka huja kusi. Lakini upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hubaki na fukuto hata kikiwa hatua chache kutoka ufukweni. Kwa hiyo natafuta madirisha yanayotazamana, au dirisha na mlango unaofunguka kwenye korido yenye upenyo. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanapendeza, ila kwa kawaida hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kimesimama. Luva za zamani, zile za vioo vinavyolala, hufunguka karibu zote. Weka wavu wa mbu, basi.

Nikikuta tofali la matundu juu ya dirisha, chini kidogo ya dari, najua aliyejenga alifikiri. Hewa ya moto hupanda, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea hata madirisha yakiwa yamefungwa usiku. Maghorofa ya zamani ya Upanga yana kuta za ngazi zilizojengwa kwa matofali hayo, na ukipanda mchana unaupata upepo usoni. Siku hizi matofali hayo huzibwa kwa sababu ya vumbi, kisha wenye nyumba wanalalamikia bili ya umeme.

Tuje kwenye maji, ambako hesabu ni rahisi na faida inaonekana mapema. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo kwenye masika si ya kushangaza, inakupa lita 1,600. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, zinabaki kama lita 1,280. Tenki la lita 1,000 linajaa na kumwagika. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata hivyo nyumba nyingi ninazozunguka hazina gata, na mvua inaporomoka kutoka kwenye bati ikichimba mtaro kandokando ya msingi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Maji yanayofuata yafulie, yamwagie choo na bustani. Ya kunywa chemsha kama unavyochemsha ya bomba. Paa la asbesto, maana nyumba chache za zamani bado zinalo, usikinge kabisa.

Jikoni mimi hutazama dari kwanza. Weusi ule wa mkaa haudanganyi, na mpangaji akihama ndio unaomletea mvutano juu ya rangi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa nyumba yenye LUKU, kifaa ninachokisifia bila kulipwa ni sufuria ya presha ya umeme. Maharage hutumia chini ya nusu uniti, kwa kuwa sufuria imefunikwa, imekingwa isipoteze joto, na hujizima presha ikitosha. Chapati, hapana, hizo zitafutie jiko lingine.

Mezani ndiko ninakofurahi zaidi, na hakuna kitu cha duka la kifahari. Kwanza kawa, lile la ukindu lenye umbo la pia. Ukifunika wali kwa mfuniko wa plastiki, mvuke unagonga juu na kurudi kama matone, wali unalowa. Kawa huacha mvuke upite katikati ya msuko na nzi hapati njia. Pili upawa wa kifuu, ambao haukwaruzi sufuria. Unapochagua, tazama matundu mawili mpini unapopita. Pakiwa na ufa mwembamba, rudisha, kwa sababu ukiuchovya kwenye mchuzi wa moto ufa utatambaa. Tatu kifumbu cha kuchujia tui. Vyote vioshwe na kuanikwa juani mpaka vikauke, vikirudishwa kabatini vibichi huota ukungu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tumerudia kapu pia. Kila kimoja kikichakaa hutupwa shimoni kikaoza.

Mboga nazo hazihitaji shamba. Matembele hushika kwa kipande cha shina, viroba vitatu vilivyojazwa udongo na samadi vinatosha kibaraza, na mkihama mnahama navyo.

Gata na tenki havihamiki hivyo, na hapo wapangaji wengi huumia. Mwenye nyumba akikubali ufunge kwa gharama yako, andikeni kwenye mkataba kabla fundi hajaja: ni shilingi ngapi, zinakatwa kwenye kodi ya miezi ipi, na siku ya kuhama tenki ni la nani. Ambatisha risiti. Mdomo wa mwenye nyumba si risiti, hata kama ni mzee wa heshima anayekuita mwanangu.