Mimea Midogo ya Majini: Kutoka Kilombero hadi Baharini

Ukisimama kwenye daraja la Mto Kilombero, karibu na Ifakara, wakati wa masika, utaona maji mengi yenye rangi ya udongo. Kiangazi kikifika maji hupungua, na vidimbwi vingine vinavyobaki bondeni hugeuka kuwa vya kijani. Rangi hiyo hutoka wapi?

Tone la maji hayo likitazamwa kwa hadubini, huonekana vitu vidogo vingi vya kijani. Vingi kati ya hivyo ni mimea. Haina mizizi wala majani, na mingi ina seli moja tu. Mimea hii midogo inayoelea majini huitwa fitoplanktoni. Kama mhindi ulioko shambani, ina umbijani. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula, na hutoa hewa ya oksijeni.

Mimea hii ni midogo, lakini kazi yake ni kubwa. Wadudu wadogo wa majini huila, samaki wadogo huwala wadudu hao, na samaki wakubwa huwala wadogo. Perege huila mimea yenyewe. Palipo na mimea hii kidogo, samaki nao huwa wachache. Karibu nusu ya chakula chote kinachotengenezwa na mimea duniani hutengenezwa na mimea midogo ya baharini.

Mimea hii huhitaji nini ili istawi? Fanya jaribio lifuatalo.

Jaribio

Vifaa: chupa tatu za kioo, maji ya kidimbwi, samadi kidogo, sanduku lenye giza.

1. Mwalimu ajaze maji ya kidimbwi katika chupa A, B na C.
2. Loweka samadi katika maji, kisha uyachuje kwa kitambaa. Tia kijiko kimoja cha maji hayo katika chupa B, na kimoja katika chupa C.
3. Weka A na B dirishani. Weka C ndani ya sanduku.
4. Zitazame baada ya majuma mawili.

Tahadhari: Usiingie mtoni wala kidimbwini. Mtoni mna mamba, na katika maji yaliyotuama huweza kuwamo konokono wanaoeneza kichocho.

Kwa kawaida chupa B huwa ya kijani kuliko nyingine. Chupa A ilipata mwanga, lakini chumvichumvi zilikuwa chache. Chupa C ilipata chumvichumvi, lakini haikupata mwanga. Kumbe mimea hii huhitaji vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Sasa tuufuate mto. Kilombero hukutana na Mto Luwegu, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Rufiji humwaga maji katika Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Hivyo chumvichumvi kutoka katika udongo wa Kilombero huweza kufika baharini.

Mlangoni mwa mto, maji huwa na chumvichumvi nyingi. Lakini wakati wa mafuriko matope huzuia mwanga, na mimea haistawi sana. Mbali katika bahari ya kina kirefu, maji ni maangavu na ya buluu. Mwanga upo, lakini chumvichumvi ni chache karibu na uso wa maji, kwa hiyo mimea ni haba. Kati ya sehemu hizo mbili, katika bahari ya kina kifupi, matope yamezama na chumvichumvi bado zipo. Hapo mimea hustawi, na samaki hupata chakula.

Hali hiyo hubadilika kwa majira. Hubadilika pia kwa kazi za watu. Tangu Desemba 2022, maji ya Rufiji yalipoanza kujazwa katika bwawa la Julius Nyerere, sehemu ya udongo huzama bwawani kabla ya kufika baharini.

Nasi tulio bondeni tuna wajibu. Tukikata miti milimani na kulima ukingoni mwa mto, mvua huchukua udongo na maji huzidi kuwa na matope. Mbolea ikimwagwa ovyo katika mashamba ya mpunga au miwa, nyingine huingia majini. Hapo mimea midogo huongezeka kupita kiasi, kisha hufa na kuoza. Kuoza huko humaliza oksijeni majini, na samaki hufa. Anayetunza udongo wa shamba lake anamtunza pia mvuvi aliye mbali naye.

Maswali

1. Taja vitu viwili vilivyofanya chupa B iwe ya kijani zaidi.
2. Ni chupa gani inayofanana na bahari ya mbali? Ni ipi inayofanana na mlango wa mto wakati wa mafuriko? Eleza.
3. Kwa nini mbolea nyingi majini huweza kuua samaki?
4. Chora picha ya mto kutoka Ifakara hadi baharini. Onyesha mahali ambapo mimea midogo hustawi zaidi.