'Give Up' Si 'Kata Tamaa' Kila Mara

Mwanafunzi anapokutana na kitenzi cha Kiingereza 'give up', aghalabu tafsiri ya kwanza inayomjia ni 'kata tamaa'. Tafsiri hiyo hufaa mara nyingine, ila hubeba huzuni ambayo kitenzi chenyewe hakina. Sentensi 'He gave up smoking' ikifasiriwa 'alikata tamaa ya kuvuta sigara', msomaji atadhani maskini yule alizitafuta sigara hadi akachoka. Kumbe aliacha tu, na pengine kwa furaha.

Maana ya msingi ya 'give up' ni kuachilia kitu au juhudi fulani. Iwapo mwenye kuachilia alilazimishwa au alipenda mwenyewe, Kiingereza hukiachia muktadha. Kiswahili, kwa upande wake, huchagua neno. Abiria anayemwachia mzee kiti 'humpisha'. Jeshi lililozidiwa nguvu 'husalimu amri'. Mshukiwa aendaye mwenyewe kituo cha polisi 'hujisalimisha'. Mkalimani wa mahakama akisema mtu huyo 'alikata tamaa', ushahidi umekwisha kupotoshwa. Madaraka nayo yana neno lake: tangu Julius Nyerere alipoacha urais wa Tanzania mwaka 1985, 'kung'atuka', neno lenye asili ya Kizanaki, limezoeleka kwa kiongozi anayeondoka kwa hiari. Aliyepinduliwa hang'atuki.

'Kata tamaa' ibaki pale ambapo tumaini limekwisha. Hata hapo unyambuaji una kazi yake, kwani 'give up on someone' ni 'kumkatia mtu tamaa'. Mwalimu aliyekata tamaa huenda amechoshwa na kazi. Aliyemkatia mwanafunzi tamaa amemhukumu mtoto mmoja. Kiambishi cha kauli ya kutendea ndicho kinachobeba tofauti hiyo yote.

Matumizi matamu zaidi yamo katika vitendawili. Mtoto wa Kiingereza akishindwa kutegua husema 'I give up', mambo yakaisha. Wa Kiswahili hasamehewi kwa urahisi hivyo. Mtegaji humdai mji, naye hutoa, tuseme Lamu au Mombasa. Mtegaji huupokea, akajigamba alivyofika huko na kukirimiwa, ndipo alitoe jibu. Mfasiri wa hadithi za watoto anayeandika hapo 'nimekata tamaa' amemnyima mtegaji mji wake. 'Nakupa mji' ndiyo tafsiri.