Kofia ya Chuma ya Vita: Kwa Nini Kutu Ina Bei

Bitana imechanika, rangi imebabuka, na bado kuna mtu Ulaya au Marekani aliye tayari kuilipia fedha nyingi. Tueleze anachotafuta.

Kofia hizi zilianza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 Wafaransa waliwapa askari wao kofia ya Adrian, Waingereza wakaja na ya Brodie, pana kama bakuli lililofunikwa. Ya Wajerumani, inayoshuka hadi masikioni, ilifika vitani mwaka 1916. Kazi yake haikuwa kuzuia risasi iliyolengwa moja kwa moja, bali vipande vya makombora vilivyowanyeshea askari kwenye mahandaki.

Baada ya Vita vya Pili, Ujerumani ilibaki na kofia tele na vyombo vya nyumbani haba. Nyingine zilitobolewa matundu zikawa vichujio vya jikoni, nyingine zikatiwa mpini za kuchotea samadi ya maji. Wapo wanaokusanya hata hizo, na sisi tunaona hawajakosea.

Mkusanyaji mzoefu hatazami uzuri. Chukua kofia ya M1 ya Marekani. Wakati wa vita zilitengenezwa zaidi ya milioni 20. Kwanza hutafuta mahali ncha za ukingo zinapokutana. Zikikutana mbele, ni ya kabla ya mwisho wa 1944. Baadaye mshono ulihamia nyuma. Kisha hugusa vishikio vya kamba ya kidevuni. Vya mwanzo vilichomelewa visicheze, vikawa vinakatika ovyo, ndipo mwaka 1943 vikaanza kutengenezwa vya kuchezacheza.

Matapeli nao wanayajua haya. Mara nyingi chuma ni cha kweli, hadithi yake ndiyo ya uongo: kofia ya kawaida hubandikwa nembo ili bei ipande. Ukiona kofia ya jeshi la Ujerumani ya muundo wa 1942, ile ambayo ukingo wake haukukunjwa, ina nembo ya rangi za taifa, uliza maswali. Nembo hiyo iliamriwa iondolewe mwaka 1940.

Wakati mwingine anayeharibu ni mwenye mali mwenyewe. Anaipiga msasa na kuipaka rangi mpya ing'ae, na jina la askari lililoandikwa ndani linapotea. Vumbi lipanguse kwa kitambaa kikavu, basi.

Hatari kubwa zaidi ni kwa wanaochimba wenyewe. Kwenye mashamba ya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, kofia na makombora yasiyolipuka vimelala udongo mmoja, mengine yakiwa na gesi ya sumu. Zaidi ya miaka 100 imepita na jembe la trekta bado linayaibua kila msimu. Mkulima wa Ubelgiji akikuta kombora huita polisi, na kikosi cha mabomu cha jeshi huja kulichukua.