"Mkono Waniuma": Lugha na Upimaji wa Hatari za Kazi za Kujirudiarudia katika Pwani ya Kismayu

Makala haya yanajadili namna ya kupima madhara ambayo kazi za mikono za kujirudiarudia huuletea mwili, kwa kuangalia kazi mbili za Wabajuni wa Kismayu na visiwa vya jirani kama Koyama na Chula: usukaji wa ukili na uvuvi wa mshipi. Hoja yetu ni kwamba upimaji huweza kupotoka iwapo lugha ya maswali haikuchunguzwa kwanza.

Ergonomia ni taaluma ya kuilinganisha kazi na mwili wa mtendaji. Miongoni mwa vipimo vyake ni RULA, kilichotolewa mwaka 1993 na McAtamney na Corlett. Mpimaji hutazama mkao wa mikono, shingo, kiwiliwili na miguu, kisha hutoa alama kuanzia 1 hadi 7. Alama ya 7 hudai mabadiliko ya haraka. Tendo likirudiwa zaidi ya mara 4 kwa dakika, alama huongezwa. Msukaji aliyeinamisha shingo juu ya ukili wake hukipita kiwango hicho bila shaka.

Hata hivyo, jicho la mpimaji halioni maumivu. Kwa hiyo hutumika pia Dodoso la Nordiki la mwaka 1987, liugawalo mwili katika sehemu 9. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono huulizwa mbalimbali, ilhali neno *mkono* huenea tangu begani hadi vidoleni. Msukaji aliyeumia kifundo na mvuvi aliyeumia bega wote wawili hujibu, "Mkono waniuma." Dodoso likiandika jibu moja, marekebisho ya kazi zao nayo yatakuwa mamoja, na mmoja wao hatafaidika. Vivyo hivyo, fasiri ya "mgongo wa chini" hupwaya mbele ya msemaji ambaye maumivu hayo huyaita ya kiuno.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya viungo yakusanywe kwa wafanyakazi wenyewe, kwa Kibajuni, badala ya kudhani kuwa Kiswahili sanifu kinatosha. Pili, mhojiwa aonyeshe kwa kidole panapouma, mwilini au kwenye mchoro. Tatu, ganzi iulizwe mbali na maumivu, kwani huenda ikawa dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni. Hapo ndipo alama zitakapomsaidia mwenye kuumia.