Sanamu ya wapagazi na majina yaliyosahaulika

MAELFU ya watu hupita kila siku kando ya sanamu tatu za shaba zilizoko katika Barabara ya Kenyatta, jijini Nairobi. Ni wachache mno wanaosimama kuuliza waliochongewa sanamu hizo ni akina nani.

Zilizinduliwa mwaka wa 1928 kwa minajili ya kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, 1914-1918. Miongoni mwao yupo askari wa KAR, kikosi ambacho wazee wetu walikiita Keya. Yupo pia mpagazi, mtu aliyeingia vitani bila bunduki.

Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaeleza kwamba wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kuwa mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Hata hivyo, ukiizunguka sanamu hiyo yote hutaona jina la marehemu hata mmoja.

Ni kwa nini wapagazi walihitajika? Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo. Chakula, risasi na dawa vilibebwa kichwani na mabegani, kutoka Taita Taveta kupitia Tanganyika hadi Msumbiji. Vita hivyo vilikoma rasmi huku kwetu tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, pale kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri katika eneo ambalo leo ni Mbala, Zambia.

Wengi hawakwenda kwa hiari. Sheria ya mwaka wa 1915 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwasajili kwa nguvu, na mwaka wa 1917 machifu waliamrishwa kutoa vijana kwa wingi zaidi. Upande wa Uingereza uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka maeneo mbalimbali. Rekodi zake zinaonyesha kuwa zaidi ya 90,000 walifariki, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Aghalabu hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na lishe duni. Mishahara ya wengi waliofariki haikuwafikia jamaa zao.

Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi ni jambo jema, lakini haiwezi kumrudishia mjukuu kaburi la babu yake. Cha ajabu ni kwamba kumbukumbu iliyodumu zaidi haikujengwa na mtu yeyote. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni majina yaliyotokana na matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Kila kondakta anayeita abiria wa Kariokor huwataja marehemu hao bila kujua.

Kukumbuka historia si kusifu vita, wala si kumtukuza mfalme ambaye wapagazi hao hawakumwona. Ni kukataa kwamba binadamu anaweza kutumiwa, akafa, kisha akabaki kuwa tarakimu. Utakapopita hapo, simama usome maandishi hayo pamoja na wanao. Kisha waulize wazee wa ukoo: ni nani aliyekwenda vitani asirejee? Ukiambiwa jina, liandike. Ahadi iliyochongwa hapo mwaka wa 1928 ilitolewa kwa niaba yetu, na sisi pekee ndio tunaoweza kuitimiza.