Njia ya usakinishaji (Linux)

Njia ya usakinishaji ni anwani ya folda ambamo faili za programu huwekwa baada ya programu hiyo kujengwa kutoka msimbo wake chanzo. Katika mfumo wa uendeshaji wa Linux, anayejenga programu huchagua njia hiyo mwenyewe.

Hatua za ujenzi

Programu nyingi za mradi wa GNU hujengwa kwa amri tatu. ./configure hukagua kompyuta na kuandaa maelekezo; make hugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine; make install hunakili faili mahali pake. Njia hutajwa katika hatua ya kwanza:

./configure --prefix=/opt/programu

Isipotajwa, hutumika /usr/local. Ndani ya folda iliyochaguliwa, programu zenyewe huwekwa katika bin, maktaba katika lib na kurasa za mwongozo katika share/man.

Kuchagua folda

Kanuni za mpangilio wa folda, zijulikanazo kama FHS (toleo la 3.0 ni la mwaka 2015), hutenga /usr/local kwa programu ambazo msimamizi wa kompyuta amezisakinisha mwenyewe, na /opt kwa vifurushi vya nyongeza. Asiye na mamlaka ya msimamizi, kama mwanafunzi katika maabara ya chuo, anaweza kutumia $HOME/.local.

Folda ya /usr haifai kwa kazi hiyo. Faili zake husimamiwa na mfumo wa vifurushi, kama vile APT katika Debian. make install inaweza kufuta maktaba iliyopo na kuweka nyingine juu yake bila mfumo huo kupata habari. Programu zilizotegemea maktaba ya awali huweza kugoma, na sasisho linalofuata huweza kufuta kazi ya mjenzi.

Tofauti na DESTDIR

Mara nyingi njia ya prefix huandikwa ndani ya programu yenyewe, hivyo kuhamisha folda baadaye huweza kuiharibu. DESTDIR haibadilishi njia hiyo. Hupeleka faili kwenye folda ya muda tu, na hutumiwa na watengenezaji wa vifurushi.

Baada ya usakinishaji

Amri mpya isipopatikana, folda yake ya bin huongezwa katika PATH. Maktaba ikiwekwa katika folda ya mfumo kama /usr/local/lib, msimamizi huendesha ldconfig ili itambuliwe.